Sura ya Tano: Fundi Umeme wa Majumbani na Dhamana ya Sahihi Yake

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,024,947 katika Mkoa wa Pwani, ambao miaka kumi nyuma walikuwa 1,098,668. Ongezeko hilo huonekana kwa macho kando ya Barabara ya Morogoro, ambako mji wa Kibaha, makao makuu ya mkoa, unakaribia kuungana na Dar es Salaam, na vilevile katika vilima vya Kisarawe, ng'ambo ya Pugu, ambako watu wenye shughuli zao jijini wamenunua viwanja na kujenga. Kila nyumba inayoinuliwa Picha ya Ndege, Visiga, Mlandizi, Kiluvya au Masaki itamhitaji, leo au kesho, mtu wa kutandaza nyaya zake, na mtu huyo kwa kawaida hajaajiriwa na shirika wala kampuni: ni fundi anayejitegemea, anayepigiwa simu kwa kuelekezwa na jirani, anayepatana bei na mwenye nyumba papo hapo, na anayebeba vifaa vyake kwenye bodaboda. Sura hii inaeleza jinsi mtu anavyofikia kuwa fundi wa namna hiyo kwa mujibu wa sheria, nayo inashikilia kwamba kiini cha kufuzu kwake ni kukubali kuwajibika kwa maandishi juu ya kazi ambayo mteja hawezi kuiona wala kuikagua.

Ni lazima kwanza mpaka wa kazi yake ufahamike. Shirika la Umeme Tanzania, yaani TANESCO, huleta umeme kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita ya LUKU, na hapo dhamana yake hukoma. Kila kilichoko baada ya mita, kuanzia mein swichi hadi taa ya chooni, ni mali ya mwenye nyumba na ni kazi ya fundi aliyemchagua mwenyewe. Jambo hili husahaulika mara nyingi panaposemwa kwamba umeme umefika kijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, umepeleka nyaya katika vijiji ambavyo kizazi kilichopita kilivijua kwa koroboi tu, na gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini ikashushwa hadi Sh 27,000, wakati mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo alianza tena kutozwa Sh 320,960 mwanzoni mwa mwaka 2022. Lakini mkazi wa Maneromango au Mzenga anayelipa hizo 27,000 hajalipia hata kipande kimoja cha waya wa ndani. Kwa nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili REA imehimiza kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho ni kibodi chenye breka, soketi na mahali pa kuchomeka taa, kinachomwezesha mtu kupata umeme bila kufanyiwa wayaringi ya nyumba nzima. Kifaa hicho kimewafaa wengi, ingawa familia inapoongeza vyumba fundi huhitajika tena, safari hii katika nyumba ambayo haikujengwa kwa kufikiria nyaya.

Sheria inayotawala kazi hii ni Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1931. Chini yake, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ndiyo inayotoa leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme, na leseni hizo zimepangwa kwa madaraja yanayotajwa kwa herufi: wenye daraja la A hushughulikia mitambo mikubwa, na madaraja ya chini humruhusu fundi kufanya kazi za mifumo midogo kama ya majumbani. Mwombaji huonyesha vyeti vyake na uzoefu wake, na leseni anayopewa ina muda wake wa kwisha na lazima ihuishwe. Mpango huu haupo Tanzania peke yake. Kenya hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja kupitia mamlaka yake ya nishati na petroli, EPRA, na Uingereza iliingiza umeme wa majumbani katika kanuni zake za ujenzi mwaka 2005. Nchi zote hizi zilitambua jambo moja, kwamba nyaya zikishafunikwa kwa lipu, kosa la fundi hubaki ukutani likisubiri, na anayelipia kosa hilo huenda akawa mpangaji au mtoto ambaye hata hakuwapo nyumba ilipojengwa.

Njia za kujifunza ufundi huu kwa wakazi wa Kibaha na Kisarawe ni zaidi ya moja. Iliyo rasmi kuliko zote hupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo chuo chake cha Mkoa wa Pwani kipo Kibaha. Mwanafunzi wa fani ya umeme hupanda hatua za Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ya kwanza hadi ya tatu, ambazo zilichukua nafasi ya madaraja ya zamani ya majaribio ya ufundi ambayo mafundi wa makamo bado wanayataja wanapojieleza. Kibaha ina bahati nyingine pia: Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama kituo cha ushirikiano kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, lina chuo cha maendeleo ya wananchi kinachofundisha stadi za mikono, umeme ukiwa miongoni mwake. Mwaka 2016 VETA, kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel, ilianzisha pia programu ya VSOMO, ambapo mtu husoma nadharia kwenye simu yake kisha akaenda chuoni kufanya mafunzo ya vitendo.

Hata hivyo, mafundi wengi wa Pwani hawakuanzia darasani. Walianza kwa kumfuata fundi, wakachimba mifereji ukutani, wakavuta nyaya na kushika ngazi, wakalipwa kama vibarua, na baada ya miaka kadhaa wakajikuta wanaweza kufanya nyumba nzima peke yao. Kwa watu hawa VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambao msingi wake ni kwamba fundi hapelekwi kukaa darasani upya kwa mambo anayoyajua. Hupimwa kazini, hutajiwa mapungufu yake, hufundishwa hayo tu, kisha hupewa cheti. Utaratibu huu unastahili kutangazwa kuliko unavyotangazwa sasa, kwa sababu fundi aliyejifunza kwa kumfuata mwenzake huwa na mkono mzuri na jicho la haraka, na kinachompungukia mara nyingi ni kitu kimoja chenye uzito mkubwa, nacho ni vipimo. Amezoea kuhukumu kazi kwa kuwasha taa: ikiwaka, kazi imekwisha. Taa huwaka vizuri kabisa katika nyumba ambayo haina ethi, yaani haina njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja.

Ili uzito wa jambo hilo uonekane, inafaa kuifuata kazi yenyewe katika nyumba ya kawaida ya Kibaha. Watu wengi hapa hujenga kidogo kidogo. Huweka msingi mwaka huu, wakapandisha tofali mwaka unaofuata, nyumba ikabaki boma, yaani kuta zisizo na paa, mpaka fedha ya kupaua ipatikane. Fundi umeme huitwa baada ya kupaua na kabla ya lipu. Hapo huchimba mifereji ukutani, akalaza mabomba ya plastiki yatakayopitisha nyaya, na kupachika maboksi ya swichi na soketi, kisha huondoka. Kati ya siku hiyo na siku atakayorudi kuvuta nyaya panaweza kupita mwaka au miaka, na katika muda huo wapiga lipu huziba maboksi kwa saruji, manyigu hujenga ndani ya mabomba, panya hupita darini, na mwenye nyumba huamua kwamba jiko litakuwa upande mwingine. Huenda anayekuja kuvuta nyaya ni fundi mwingine kabisa, kwa kuwa wa kwanza amehama au wamekosana na mwenye nyumba kuhusu malipo. Fundi huyo wa pili hurithi mabomba asiyojua yanapopita, na kwa kukosa njia hujaza nyaya nyingi katika bomba moja, zikakosa hewa na kupata joto kuliko zinavyostahimili.

Dawa ya tatizo hili ni mchoro. Mchoro wa umeme ni karatasi inayoonyesha kila pointi, yaani kila mahali penye taa, swichi au soketi, na saketi inayoilisha, saketi ikiwa ni mzunguko wa nyaya unaolindwa na breka yake mwenyewe. TANESCO huutaka mchoro huo, ukiwa na sahihi na muhuri wa fundi mwenye leseni, mteja anapoomba kuunganishiwa umeme. Kwa hiyo mafundi wengi huuchora mwishoni, siku ya kujaza fomu. Aliyejifunza vizuri huuchora mwanzoni, akauacha kwa mwenye nyumba, na kuurekebisha kila jiko linapohamishwa, kwa sababu anajua kwamba katika nyumba inayojengwa kwa miaka mitano kumbukumbu ya mtu haitoshi. Mchoro ndio pia unaomlazimisha kupiga hesabu kabla ya kwenda dukani. Hita ya bafuni ya wati 5,000, katika umeme wa volti 230 unaotumika nchini, huvuta karibu ampea 22. Waya wa milimita za mraba 2.5 unaotosha soketi za sebuleni unakaribia kikomo chake hapo, na ule wa 1.5 wa taa utaungua. Hita hiyo inahitaji waya mnene zaidi, saketi yake peke yake na breka yake peke yake, na hesabu hiyo inapaswa kufanywa bomba likiwa bado halijafunikwa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ethi, na hapa ndipo ardhi ya Pwani inapoingia katika hesabu. Kwa kawaida nyumba huwekewa fimbo ya shaba au ya chuma kilichovikwa shaba, inayochimbiwa ardhini na kuunganishwa kwa waya wa kijani na njano kwenye kila soketi. Kufaa kwa fimbo hiyo hupimwa kwa ukinzani, yaani kiasi ambacho udongo unazuia umeme usipite, na kipimo chake huitwa omu. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri, na mchanga mkavu huuzuia. Sehemu nyingi za Kibaha zina udongo wa kichanga, unaoshika maji wakati wa masika kati ya Machi na Mei na kukauka sana kuelekea Septemba, hivyo kwamba fimbo iliyopimwa Aprili ikaonekana nzuri inaweza kuwa haifai miezi mitano baadaye. Fundi makini huchimbia fimbo ndefu inayofika kwenye tabaka lisilokauka, au fimbo mbili zilizoachana na kuunganishwa, na kipimo cha kiangazi hukiamini zaidi ya kile cha masika.

Chukuliwe mfano wa fimbo yenye ukinzani wa omu 20, ambayo katika mchanga si mbaya. Waya wa moto ndani ya friji ukichubuka na kugusa ganda lake la chuma, umeme utakaokwenda ardhini kupitia fimbo hiyo hautazidi volti 230 kugawanywa kwa omu 20, yaani ampea 11.5. Breka inayolinda saketi hiyo ni ya ampea 32. Haitakata. Friji itaendelea kufanya kazi huku ganda lake likiwa na umeme, na dalili pekee itakayoonekana huenda ikawa uniti za LUKU kupungua kwa kasi, maana umeme unaovuja hapo unakaribia wati 2,600 usiku na mchana. Mwenye nyumba atalalamikia mita, wala hatafikiri kwamba anayefungua friji akiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji yuko hatarini. Kinga ya hali hii ni breka ya uvujaji, ambayo hulinganisha mkondo unaoingia katika nyumba na ule unaorudi, ikakata mara moja tofauti inapofikia miliampea 30, kiwango kilichowekwa kwa sababu mkondo unaozidi hapo ukipita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ikiwa imefungwa, hata fimbo yenye omu 500 ingetosha kuifanya ikate. Bei yake ni kubwa kuliko ya breka ya kawaida, na katika kupatana bei ndiyo huondolewa kwanza, kwa sababu nyumba huwaka vilevile bila hiyo. Fundi anayekubali kuiondoa ili asikose kazi amefanya uamuzi ambao mteja wake hakuwa na elimu ya kuufanya.

Kipimo kingine ambacho hakistahili kurukwa ni cha uzima wa maganda ya nyaya, kinachofanywa kwa kifaa ambacho mafundi hukiita mega. Kabla umeme haujaingizwa, mega husukuma volti 500 kati ya nyaya, na ukinzani ukiwa chini ya omu milioni moja, kuna mahali waya umechubuka au umelowa. Vipimo vya ethi na vya mega humchukua fundi muda mfupi kuliko ule unaotumika kupachika taa za jipsamu sebuleni, na vifaa vyenyewe, ambavyo ni ghali kwa anayeanza, vinaweza kununuliwa kwa kuchangiana mafundi watatu au wanne wa mtaa mmoja.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini tabia ya kuazimana mihuri ni ugonjwa mkubwa wa kazi hii. Vishoka, kama wanavyoitwa watu wanaojifanya mafundi au mawakala wa TANESCO bila kuwa na sifa, hutajwa katika kila onyo linalotolewa kwa wananchi. Lakini kishoka hawezi kufika mbali peke yake. Ili nyumba aliyoifanya iunganishwe, lazima apatikane mwenye leseni atakayetia sahihi kwenye mchoro, wakati mwingine bila kuiona nyumba, kwa malipo madogo. Yule mwenye leseni huona amejipatia fedha bila jasho, ilhali kwa sahihi ile ameahidi mbele ya sheria kwamba fimbo ipo, kwamba breka zinalingana na nyaya, na kwamba vipimo vimefanyika. Moto ukizuka, jina litakalosomwa ni lake. Lawama zinazoelekezwa kwa vishoka peke yao zinamwacha nje mtu ambaye alijua zaidi, na kwa sababu hiyo alikosa zaidi.

Upande wa kujitegemea una mambo yake, ingawa mengi si mageni kwa mtu yeyote mwenye biashara ndogo. Fundi anahitaji namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA, na leseni ya biashara kutoka halmashauri yake. Kodi ya wafanyabiashara wadogo hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka, na kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 mwenye mauzo yasiyozidi Sh 4,000,000 hakutozwa, na aliyezidi hapo alilipa zaidi ikiwa hakutunza kumbukumbu. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hupokea michango ya watu waliojiajiri, na kwa kazi ambayo mtu hupanda ngazi kila siku jambo hilo lina maana kubwa.

Lililo gumu zaidi upande huo ni bei. Desturi ni kutoza kwa pointi, na desturi hiyo ina kasoro, kwa kuwa mteja huhesabu taa na soketi anazoziona, na fimbo, vipimo na mchoro havimo katika hesabu yake. Fundi anayetoza kwa pointi bila kuvitaja hivyo hujikuta akivifanya bure au asivifanye kabisa. Inafaa viandikwe katika makadirio kama kazi zinazojitegemea, kila moja na bei yake. Vilevile fundi aamue mapema kuhusu cha juu, yaani fungu analopewa na mwenye duka kwa kumpelekea mteja, kwani ndicho kinachowafanya wengine wachague waya hafifu wenye shaba kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye rola. Anayetaka kudumu humpa mteja orodha ya vifaa vyenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, akamwacha anunue anakotaka, na faida yake akaiweka wazi kwenye ujira.

Soko la Kibaha na la Kisarawe halifanani. Kibaha ina viwanda, vikiwamo vya eneo la Zegereni, na kuna bandari kavu ya Kwala, na wafanyakazi wake wanahitaji vyumba vya kupanga. Kwa hiyo kazi nyingi ni za nyumba zenye wapangaji wengi, ambamo kila mlango unataka mita yake, na fundi mwenye bidii huweza kupanda hatua hadi umeme wa fezi tatu wa volti 400 unaotumiwa na mashine. Kisarawe vijijini kazi ni ndogo ndogo na ziko mbalimbali, nauli hula sehemu ya ujira, na mteja hulipa baada ya kuuza mazao. Lakini huko ndiko mtu mmoja mwenye leseni anakoweza kuwa fundi wa kata nzima kwa miaka mingi, akijulikana kwa kila familia, na kuitwa tena kila chumba kinapoongezwa.

Msomaji aliye na boma Kibaha au Kisarawe na anayejiandaa kuomba umeme anaombwa afanye mambo matatu kabla ya kumalizia malipo ya fundi: aulize namba ya leseni na kuihakiki EWURA, ashuhudie fimbo ya ethi ikipimwa, na apewe nakala ya mchoro yenye matokeo ya vipimo, ikiwa na sahihi ya mtu aliyemwona kwa macho yake akifanya kazi hiyo nyumbani kwake.